Taa zikififia mlimani, pima kabla ya kununua betri

Msikilizaji anayepakia ndizi Kidia alfajiri ili awahi soko la Kiboriloni analijua tatizo hili. Gari ni la zamani, jana liliwaka vizuri, leo stata inalia "tik, tik" na kunyamaza. Au mbaya zaidi: anashuka kona gizani, anakanyaga breki, na taa za mbele zinafifia. Wengi hukimbilia betri mpya. Baada ya wiki chache nayo imekufa, na hela imeshakwenda.

Betri inatunza umeme tu. Anayeutengeneza ni alternata. Kwa hiyo pima kwanza. Mita ndogo wanayotumia mafundi redio inatosha. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20, waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi.

Asubuhi, gari halijawashwa, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.0 au chini, iko karibu tupu. Washa gari, pima palepale. Sasa isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, alternata haichaji: angalia kama mkanda wake umelegea, kisha kaboni za ndani, ambazo huisha kwa umri. Ikipita 15, reguleta imekufa. Maji ya betri yatachemka na kukauka, na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. (Fuso na magari mengine ya volti 24, zidisha hesabu hizi mara mbili.)

Kuna hali inayowachanganya hata mafundi: mita inasoma 14, lakini taa bado hafifu. Kwa magari ya huku kwetu, yanayoogelea matope kila msimu wa mvua, tunashuku ethi kabla ya kitu kingine. Kutu hujijenga pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Gari likinguruma, washa taa kubwa. Waya mmoja wa mita ushike hasi ya betri, mwingine chuma cha bodi kisicho na rangi, kisha chuma cha injini. Ikizidi kama volti 0.2, umeme unapotea hapo. Zima gari, fungua waya, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza tena. Gharama yake ni kipande cha msasa.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya moto. Usiushike kwa mikono mitupu, una asidi, na usivute sigara karibu, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka. Kichwa cha hasi kinafunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho.

Jambo moja tunalipinga kabisa, ingawa linafanyika gereji nyingi: kuchomoa kichwa cha betri gari likinguruma, eti kuona kama alternata inafanya kazi. Bila betri volti zinaweza kuruka ghafla na kuunguza alternata yenyewe, au kontroli boksi, ambayo ni ghali kuliko betri uliyokuwa ukiihofia.

Kama vyote viko sawa, mwenzako apige stata huku wewe ukisoma mita. Betri iliyosoma 12.6 ikianguka chini ya 9.6, hiyo sasa ndiyo mbovu. Kanunue.