Mafuta ya Breki ya Silikoni katika Magari ya Zamani
Mafuta ya breki ya DOT 5, ambayo kwa kawaida huwa ya zambarau, hutengenezwa kwa silikoni. Hayanyonyi unyevu wala hayababui rangi ya gari. Ndiyo maana wenye magari ya zamani yanayokaa muda mrefu bila kuendeshwa huyapenda. Hata hivyo, maji yakipenya hayachanganyiki nayo, bali hutuama sehemu za chini, yakatia kutu. Na breki zikipata moto huweza kuchemka, pedali ikazama pasipo gari kusimama. Tunasisitiza yasichanganywe kamwe na DOT 3 wala DOT 4, na yasitiwe kwenye gari lenye ABS. Mnunuzi asome chupa kwa makini: DOT 5.1, kwa jina linalopotosha mno, si silikoni.