Dakika Tano za Kutulia Baada ya Zamu

Tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 na umeme wake kuvuta viwanda, Jinja imekuwa mji wa zamu. Kila aliyepata kufanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nguo anaijua hali hii: king'ora kimelia, umefika nyumbani Walukuba, umejinyosha kitandani, lakini kelele za mitambo zingali zinavuma kichwani. Mtoto akilia kidogo unamfokea. Mkata miwa naye hurudi na mgongo unaouma na moyo uliojaa hasira, na mara nyingi hasira hiyo huishia kwenye chupa ya waragi.

Mwenzetu mmoja nusura apoteze vidole. Kinga ya mashine yake ilikuwa imelegea. Tulidai ifungwe sawasawa, ikafungwa. Lakini yeye mwenyewe alituambia: "Mikono ilikuwa mashineni, mawazo yalikuwa kwenye ada ya shule." Maneno hayo yalitufanya tuanze kujifunza kutulia na kutafakari.

Jambo hili si geni wala si la tajiri. Mwislamu anayevuta uradi baada ya sala na Mkristo anayekaa kimya kanisani wanalifahamu kwa njia yao. Hapa Uganda, mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha mwaka 2005 Kituo cha Kibudha huko Garuga, karibu na Entebbe, ambako watu hufundishwa kutafakari. Lakini zoezi tunalolieleza halimtaki mtu abadili dini yake.

Anza hivi. Kaa juu ya kigoda au mkeka, mgongo wima bila kukakamaa. Weka mikono mapajani. Fumba macho, au tazama chini. Vuta pumzi kama kawaida yako, usiilazimishe. Kila unapotoa pumzi hesabu moja, mbili, mpaka kumi, kisha rudia moja. Dakika tano zatosha.

Mawazo yatakimbia. Utajikuta kwenye deni la dukani au maneno ya msimamizi. Usijilaumu. Ukigundua umepotea, rudi kwenye moja. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe, kama mtu anayemrudisha mbuzi shambani mara kwa mara bila kumpiga. Sisi wiki ya kwanza tulisinzia, na mmoja wetu alikoroma mpaka tukacheka. Baadaye tuligundua kuwa ni afadhali kunawa uso kwanza, na kufanya zoezi kabla ya kula.

Ambaye chumba chake kimejaa watu asikate tamaa. Anaweza kutembea polepole njiani, akizingatia kila unyayo unavyogusa ardhi. Lakini usifumbe macho wala kuhesabu pumzi ukiwa mbele ya mashine, au ukiwa na panga mkononi. Hapo zingatia kazi iliyo mbele yako.

Tahadhari nyingine: kutafakari si dawa ya malaria, wala si badala ya vidonge vya presha. Na wako wenzetu walioona vita na misiba mikubwa. Wakifumba macho, mambo ya zamani huweza kuwarudia kwa nguvu. Ikiwa hivyo, fumbua macho, simama, zungumza na mtu unayemwamini au mwone mganga wa zahanati.

Wapo waliotuuliza: "Je, huku si kutulizwa ili tusidai haki zetu?" Swali hilo ni zuri. Jibu letu ni kwamba kutulia si kunyamaza. Pumzi haiongezi mshahara, haipunguzi kelele za kiwanda, wala haifungi kinga ya mashine. Mwajiri akikwambia ukatafakari badala ya kukupa viziba masikio, mkatalie. Lakini mwenye hasira hutukana mkutanoni, na hoja yake hupotea. Aliyetulia husema neno lake mpaka mwisho, na husikia pia neno la mwenzake.

Basi, ndugu, jaribuni kwa wiki mbili, wawili wawili au watatu watatu, kwa maana peke yako ni rahisi kuacha. Kisha njooni tawini mtueleze mlivyoona.

Umoja ni nguvu.