Ndoo, viroba na vyungu vya kupandia: namna ya kuvitunza kwenye jua na upepo wa Dodoma

 

Swali ninaloulizwa sana kipindi hiki cha kiangazi ni hili: "Bwana shamba, mboga zangu za kwenye ndoo namwagilia kila siku, mbona zinakauka?" Wengi wanadhani ni ugonjwa, wanakimbilia duka la pembejeo kununua dawa. Nikifika nyumbani kwao, mara nyingi tatizo silikuti kwenye mmea. Liko kwenye chombo.

Mmea ulio shambani mizizi yake inaweza kushuka chini kufuata unyevu na ubaridi. Ulio kwenye ndoo hauna pa kukimbilia. Joto la ndoo ndilo joto la mizizi, na chumvi ya ndoo ndiyo chumvi inayokunywa. Kwa hiyo ukitunza chombo, umetunza mizizi.

Na hapa kwetu kosa dogo linaumiza. Dodoma tunapata mvua ya wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo mkavu. Sukuma wiki iliyokomaa kwenye ndoo ya lita 20 inaweza kutaka lita moja hivi kwa siku. Ukiwa na ndoo 20, hilo ni dumu zima kila siku. Kwa anayenunua maji au kuyabeba kichwani, dumu likipotea bure ni hasara ya kweli.

1. Punguza joto la chombo

Ndoo nyeusi, pipa la bati na tairi hushika joto sana. Weka kiganja ubavuni saa nane mchana. Ukishindwa kukiacha hapo, ujue mizizi iliyogusana na ubavu huo inaungua.

Paka chokaa nyeupe kwa nje, mikono miwili, na urudie inapobanduka. Kama huna chokaa, zungushia gunia kuukuu. Panga vyombo vikaribiane ili kimoja kimpe mwenzake kivuli, na vile vikubwa vikae upande wa magharibi, maana jua la alasiri ndilo kali. Juu ya udongo tandaza nyasi kavu au mabua ya mtama yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vitatu, ila yasiguse shina.

2. Hakikisha maji yanaingia kwenye udongo

Hili watu wengi hawalijui. Udongo wa mfinyanzi, hasa ule mweusi wa mbugani, ukikauka unasinyaa na kuachana na ukuta wa ndoo. Ukimwaga maji yanapita kwenye huo ufa wa pembeni na kutokea chini. Wewe unaona maji yametoka, unasema imeshiba, kumbe katikati ni kukavu kabisa.

Chokoa na kijiti udongo wa juu, ushindilie pembeni kwa vidole kuziba ufa, kisha mwagilia mara mbili: kidogo kwanza, subiri kama dakika kumi, halafu malizia. Kabla ya kumwagilia tena, ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, acha. Wakati mzuri ni asubuhi na mapema au jioni.

Mwanzo mzuri ni mchanganyiko mzuri: ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza vizuri, na moja ya mchanga wa mtoni. Samadi mbichi kutoka zizini usitumie, itaunguza mizizi.

3. Ondoa chumvi

Maji ya visima vingi huku kwetu yana chumvi. Jua likikausha maji, chumvi inabaki. Ndiyo ule ukoko mweupe unaouona juu ya udongo na kwenye ubavu wa chungu. Dalili kwenye mmea ni ncha za majani kukauka rangi ya kahawia huku udongo ukiwa na unyevu.

Anayemwagilia kidogo kidogo kila siku, bila maji kutoka chini hata mara moja, analimbikiza chumvi. Kwangua huo ukoko na tabaka jembamba la udongo wa juu, weka samadi iliyoiva badala yake. Kila baada ya wiki tatu au nne, mwagilia kwa wingi mpaka maji yatiririke chini kwa muda. Maji hayo usiyarudishe kwenye vyombo.

Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri. Ya sabuni ya unga au yaliyopikiwa chumvi, hapana.

4. Kila chombo na tabia yake

*Kiroba:* Jua hukikatakata mapema, mara nyingi msimu mmoja tu. Kivishe kiroba cha pili kwa nje, na katikati weka nguzo ya kokoto ili maji yafike mpaka chini.

*Ndoo na dumu la plastiki:* Jua huzifanya zikakamae na kupasuka, kuanzia ukingoni. Usiinue kwa kushika ukingo, shika chini. Ndoo ya rangi isafishwe vizuri. Chombo kilichokuwa na kiuatilifu usikitumie kamwe, hata ukikiosha mara kumi.

*Chungu cha udongo:* Mizizi hupata ubaridi, lakini maji hupotea kupitia ukuta wake. Kifukie nusu ardhini, au kiweke ndani ya chombo kikubwa na ujaze mchanga katikati.

*Chombo cha saruji:* Hiki ndicho kinadumu kuliko vyote. Kikiwa kipya kijaze maji na uyabadilishe mara kadhaa kwa wiki mbili hivi, kwa sababu saruji mpya ina ukali. Kikipata ufa, uzibe jioni kwa uji mzito wa saruji na upalowanishe wiki nzima.

*Sanduku la mbao:* Adui yake ni mchwa. Liinue juu ya matofali, na kagua miguu kila wiki uvunje njia za udongo wanazojenga. Oili chafu usipake kwenye chombo cha mboga.

Upepo wa Julai hadi Oktoba nao huangusha vyombo na kukausha majani. Uzio wa makuti au mabua upande wa mashariki na kusini-mashariki unasaidia sana, na unazuia mbuzi pia.

5. Jiandae kabla ya kifuku

Mwezi Novemba, zibua matundu ya chini yote kwa msumari. Mizizi na udongo huyaziba. Inua vyombo juu ya mawe. Mvua zikishakolea, sogeza vile vyenye ukoko mweupe karibu na paa ili maji ya mvua yaoshe chumvi bure. Sahani za chini zimwage kila mara, mbu wasizaliane. Na mwezi Februari usijisahau: mara nyingi mvua hukatika kwa siku kadhaa, na ndoo hukauka kabla ya shamba.

Leo jioni anza na jambo moja tu: chukua kijiti, chokoa ndoo moja uone kama katikati kuna unyevu. Ukikuta kukavu, umeshajua dumu lako la kila siku linakwenda wapi.

Tukutane shambani.