Kwa nini mgonjwa hakuwekewa kikomo cha mionzi ya eksirei

Kanuni za kimataifa za kinga dhidi ya mionzi humwekea kikomo mfanyakazi wa chumba cha eksirei: wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, ukikokotolewa kwa miaka 5, na zisizidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Mwananchi wa kawaida, mathalani yule aliyeketi kwenye benchi nje ya chumba hicho, kikomo chake ni milisiveti 1 kwa mwaka. Mgonjwa aliyelala juu ya meza, ambaye ndiye anayeelekezewa mionzi, hakuwekewa kikomo chochote. Msomaji wa haraka atadhani kwamba amesahauliwa. Ili kujua kama ni hivyo, tuangalie kwanza mionzi hii ni nini, hufanya nini mwilini, na hupimwaje.

Eksirei huzalishwa ndani ya mrija usio na hewa. Elektroni husukumwa kwa umeme wa volti nyingi hadi zigonge kipande cha metali, aghalabu tungsteni. Karibu nishati yao yote hugeuka joto. Takriban asilimia 1 tu hutoka ikiwa eksirei. Mionzi hiyo inapopita mwilini, mifupa huinyonya kwa wingi, na mapafu yaliyojaa hewa huiachia ipite. Tofauti hiyo ndiyo inayojenga picha. Kwa hiyo mionzi iliyopita ndiyo inayomfaa daktari, na iliyonyonywa ndiyo dozi ya mgonjwa. Mashine ikizimwa mionzi hukoma papo hapo. Mgonjwa haondoki nayo mwilini.

Mionzi iliyonyonywa ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Kitendo hicho huitwa uionishaji. Kikitokea ndani ya seli, huweza kukata nyuzi za DNA moja kwa moja, au kuvunja molekuli za maji na kuzaa kemikali kali zinazozikata. Mikato mingi hurekebishwa na seli yenyewe. Isiporekebishwa, seli hufa. Ikirekebishwa vibaya, seli huendelea kuishi ikiwa na kasoro katika maelekezo yake ya urithi. Kutokana na njia hizo mbili za mwisho hupatikana aina mbili za madhara.

Aina ya kwanza hutokana na kufa kwa seli nyingi kwa pamoja. Madhara haya yana kizingiti, yaani kiasi ambacho chini yake hayaonekani. Kiasi hicho hupimwa kwa grei: grei 1 ni nishati ya juli 1 iliyonyonywa na kilo 1 ya mwili. Ngozi huanza kuwa nyekundu kwenye dozi ya takriban grei 2, na kizingiti cha mtoto wa jicho hukadiriwa kuwa nusu grei. Miaka michache tu baada ya Wilhelm Röntgen kugundua eksirei mwaka 1895, madhara haya yalikwishaonekana. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison aliyezoea kujaribu mirija kwa mikono yake mwenyewe, alikatwa mikono kisha akafariki mwaka 1904. Picha ya kifua ya siku hizi haifiki hata sehemu moja ya elfu ya grei. Vizingiti hivyo hukaribiwa pale tu mionzi inapowashwa kwa muda mrefu, kama daktari anapozibua mshipa wa moyo huku akiutazama kwenye skrini.

Aina ya pili hutokana na seli iliyobaki hai na kasoro yake: baada ya miaka mingi huweza kuwa saratani. Hapa dozi ikiongezeka, kinachoongezeka ni uwezekano wa kuugua, wala si ukali wa ugonjwa. Ushahidi mkuu umetokana na kuwafuatilia manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Chini ya milisiveti 100, ongezeko ni dogo kiasi kwamba ni vigumu kulitenga na saratani za kawaida. Hata hivyo, kwa tahadhari, wataalamu huchukulia kwamba hakuna dozi isiyo na hatari kabisa.

Siveti, yenye milisiveti 1,000, ndicho kipimo cha hatari hiyo. Huzingatia aina ya mionzi na wepesi wa kila kiungo kudhurika. Picha moja ya kifua hutoa chini ya milisiveti 0.1. Mionzi ya asili itokayo ardhini, hewani na angani humpa mtu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kipimo cha CT cha tumbo, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, hutoa takriban 10. Kwa makadirio ya asilimia 5 kwa kila siveti, milisiveti 10 ni sawa na nafasi moja kati ya 2,000 ya kufa kwa saratani. Haya ni makadirio ya umma mzima, si utabiri wa mtu mmoja. Mtoto, hata aliye tumboni, hudhurika kwa wepesi zaidi, kwa kuwa seli zake hugawanyika upesi na miaka iliyo mbele yake ni mingi. Ndiyo maana mwanamke huulizwa kuhusu ujauzito, ingawa mjamzito anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu hapaswi kunyimwa picha ya kifua: dozi inayomfikia mtoto tumboni ni ndogo mno.

Sasa turudi kwenye vikomo. Mfanyakazi hapati nafuu yoyote ya kiafya kutokana na mionzi, kwa hiyo ni haki awekewe mpaka. Hulindwa kwa kupunguza muda, kuongeza umbali, na kuweka kizuizi cha risasi. Umbali ukizidishwa mara mbili, mionzi hupungua hadi robo. Nchini Tanzania, usimamizi huo uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Kwa mgonjwa, faida na hatari huangukia mwili uleule. Kikomo kigumu kingemzuia majeruhi wa ajali kupata kipimo kinachoweza kumwokoa. Mahali pa kikomo pamewekwa wajibu wa aina mbili: kila picha iwe na sababu ya kitabibu, na ipigwe kwa dozi ndogo kadiri inavyotosha kuonyesha kinachotafutwa.

Kwa hiyo mgonjwa hakusahauliwa. Ulinzi wake umehamishiwa kwenye uamuzi wa daktari. Uamuzi huo ukiwa wa mazoea, kuta nene na aproni za risasi hazimsaidii, maana yeye yuko upande wa ndani. Picha inayorudiwa kwa sababu tu ile ya awali imeachwa hospitali nyingine humwongezea dozi bila kumwongezea maarifa daktari. Mgonjwa naye ana sehemu yake: atunze picha zake za zamani, aseme mapema kama ana ujauzito, na aulize kwa heshima kama majibu ya picha hiyo yatabadilisha matibabu. Jibu likiwa ndiyo, apande mezani bila hofu.