Kahawa yapita Jinja na Mbale, wenyeji wanywa chai

Dereva akiegesha lori Jinja au Mbale saa nne asubuhi na kuagiza kitu cha moto, huletewa chai ya maziwa na chapati. Wageni hushangaa. Mbale ni makao ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa mwaka 1954 kwa ajili ya arabika ya Mlima Elgon, na vijiji vya Busoga karibu na Jinja hulima robusta. Lakini sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda huuzwa nje.

Si kwamba kahawa ni ngeni. Baganda waliijua robusta kabla ya wakoloni, ila waliitafuna, na punje zake zilitumika katika kuchanjiana udugu wa damu. Bukoba, Tanzania, kahawa ya kutafuna ingali inauzwa kwenye vipakiti.

Mombasa na Zanzibar mambo ni mengine: kahawa chungu humiminwa kutoka kwenye dele, kikombe kidogo, kashata pembeni, mazungumzo marefu. Finland, mapumziko ya kahawa yameandikwa hata katika mikataba ya kazi. Wahabeshi hukaanga buni mbele ya mgeni na kumnywesha mara tatu: abol, tona na baraka. Ethiopia hunywa karibu nusu ya mavuno yake, kwa hiyo bei ya nje ikianguka bado kuna mnunuzi nyumbani.

Mkulima wa Elgon hana mnunuzi huyo. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ilipanda sana huku bodi ya serikali ya Uganda ikilipa kidogo. Watu wakavusha magunia usiku hadi Chepkube, upande wa Kenya. Hiyo ndiyo magendo ambayo wazee wa Bungoma bado wanaisimulia.

Kwa mfanyabiashara, tabia ya mnywaji huamua mzigo. Sudan, mnunuzi wa siku nyingi wa robusta ya Uganda, huinywa kwa tangawizi na viungo kutoka kwenye jabana. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimeitikisa njia hiyo. Anayetafuta arabika ya Bugisu hulipia ladha yake, na gunia lililochanganywa na robusta humshushia muuzaji bei.

Jinja kuna migahawa ya kahawa kwa ajili ya watalii wa Mto Nile. Kikombe kimoja humo ni ghali mno kwa fundi wa gereji, naye hurudi kwenye chai yake.