Kwetu Bustani Husubiri Mvua

Jumapili ya mwisho ya Machi, saa zikisogezwa mbele hapa Reading, Uingereza, jirani yangu hutoka na mkasi wa kupogoa utadhani amepigiwa kengele. Hukata matawi makavu, huchambua magugu, hupanga miche ya nyanya dirishani. Mwaka jana aliniuliza: kwenu kazi za majira ya machipuo huanza lini? Nikakosa jibu la haraka. Kariakoo, nilikokulia, machipuo hayapo. Kazi za bustani lakini zipo, tena zina wakati wake.

Mkulima wa Uingereza hungoja ardhi ipate joto. Dar es Salaam joto halijawahi kuwa haba. Kinachongojwa ni maji. Jiji hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi huja kwa mafungu mawili: masika ya Machi hadi Mei, ambayo kilele chake ni Aprili, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kabla ya masika hupuliza kaskazi, upepo wa joto. Kisha huingia kusi, na Juni hadi Agosti huwa kipupwe. Wazee wa pwani walikuwa na hesabu yao kamili: mwaka wa jua unaoanzia siku ya Nairuzi na kugawanywa katika miongo, yaani siku kumikumi. Mkulima na nahodha walitumia hesabu hiyohiyo, mmoja apande na mwingine atweke tanga. Makunduchi, Unguja, mwaka huo bado huogwa kila Julai.

Sasa njoo Kariakoo. Jina lenyewe ni la wapagazi: baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, hapa palikuwa kambi ya kikosi cha wapagazi wa vita, Carrier Corps, na ulimi wetu ukalifanya Kariakoo. Baadaye mitaa iliyonyooka ikajaa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma uani. Uani ndiko kulikuwa na jiko, bafu na choo, na pembeni mwarobaini, mpapai, mrehani na mchaichai wa chai ya jioni. Haikuitwa bustani. Ilikuwa sehemu ya jiko.

Baadaye serikali nayo ikahimiza kilimo. Mwaka 1972 likaja tamko la Siasa ni Kilimo, na ukame ulipobana, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya 1974 na 1975. Hata watu wa mjini wakaambiwa washike jembe. Miaka ya 1980 mshahara ulipokuwa hautoshi kufika mwisho wa mwezi, hapakuhitajika kampeni tena: mchicha ulipandwa kando ya reli, bonde la Msimbazi na popote penye maji. Mchicha haumsumbui mtu mwenye haraka. Wiki tatu hadi nne unaung'oa, unapika.

Leo nyumba nyingi za vyumba sita zimevunjwa, maghorofa yamesimama, na ua umemezwa na fremu za maduka. Bustani ikapanda ngazi. Shangazi yangu analima kwenye ndoo za rangi, madumu yaliyokatwa na viroba vya mchele, juu ya paa la ghorofa. Mbegu hununua kwenye maduka ya pembejeo hapohapo Kariakoo. Nilimpigia simu Machi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Baridi imepungua huko?"

"Imepungua. Mvua je?"

"Mawingu tu. Ila udongo nimeshaumwaga juani."

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Udongo wa mwaka jana hutolewa, huanikwa, huchanganywa na samadi iliyooza vizuri. Matundu ya chini ya ndoo huzibuliwa, kwa sababu mvua ya Aprili haina utani: ndoo isiyotoa maji huozesha mizizi kwa siku chache. Mvua nayo ina zawadi yake. Visima vingi vya katikati ya jiji vina maji ya chumvichumvi, na chumvi hiyo hujikusanya kwenye udongo mwaka mzima, masika huisafisha.

Kinachopandwa pia hufuata mvua. Matembele hupandwa kwa vipande vya marando mvua zinapoanza, nayo hushika bila kubembelezwa. Mchicha ni tofauti: mbegu zake ni ndogo kiasi kwamba huchanganywa na mchanga ili zisirundikane, na mvua kubwa huzisomba. Wengi hungoja kipupwe, jua linapokuwa la upole na wadudu wamepungua. Vuli ni nafasi ya pili kwa aliyechelewa. Januari na Februari hakuna cha kujivunia. Ni kumwagilia asubuhi na jioni mimea isife.

Ipo kazi moja ambayo zamani tuliiona ya usafi tu: kugeuza makopo. Jiji lilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, ukaja mwingine 2019. Mbu anayeieneza huuma mchana na hutaga kwenye maji yaliyotuama karibu na watu: sahani ya chini ya chungu, tairi kuukuu, ndoo iliyosahauliwa. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai yake hugandamana ukutani mwa chombo, hustahimili ukavu kwa miezi na huanguliwa maji yakirudi. Hivyo chombo husuguliwa, kisha hufunikwa au kupinduliwa.

Jirani yangu nilimjibu hatimaye: kwetu huanza mawingu yakikusanyika. Akacheka, akanipa kipande cha kitalu chake nijaribu mchicha. Ukitaka kujaribu nawe huku Ulaya, usidanganywe na jua la Machi. Ngoja hadi mwisho wa Mei, hatari ya jalidi ipite. Na ukipiga simu nyumbani kabla ya masika, baada ya salamu waulize kama ndoo zimesuguliwa na matundu yamezibuliwa.