Kilo Kumi za Kaboni kwenye Vumbi la Shinyanga

Baiskeli mpya aina ya Phoenix ikifika kwa fundi mjini Shinyanga huwa bado haijawa baiskeli. Ni fremu iliyoviringishwa karatasi, ringi mbili tupu, furushi la spoki, habu, krenki, cheni na mfuko wa nati na gololi. Fundi ndiye anayesuka ringi, anayepaka grisi, anayenyoosha gurudumu mpaka liache kuyumba kati ya breki. Kisha anaiongezea vyuma: keria pana ya nyuma, stendi ya miguu miwili, nondo za kuusaidia uma wa mbele na, kama itafanya kazi ya daladala, mto wa abiria. Ikitoka hapo imeshavuka kilo 20, na iko tayari kwa gunia la mpunga, madumu ya maji au abiria wa kutoka stendi kwenda Ngokolo.

Leo naeleza baiskeli iliyo kinyume chake kabisa: ya milimani, fremu ya kaboni, shokapu mbele na nyuma, uzito wa kilo 10 na kidogo, iliyoundwa kwa vipande vilivyochaguliwa kimoja kimoja. Vijana wanaokimbia mbio za Kanda ya Ziwa wanaiona kwenye simu zao na wanauliza kama inaweza kuundwa huku kwetu. Inaweza. Fundi anayesuka ringi ya Phoenix ana zaidi ya nusu ya ujuzi unaohitajika. Kinachomkosesha sehemu iliyobaki ni vifaa vya kupimia.

Baiskeli ya milimani yenyewe ilizaliwa hivyo hivyo, mikononi mwa watu waliokuwa wakiunganisha vipande. Miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, walichukua baiskeli za zamani za Schwinn, nzito na zenye matairi manene, wakazifunga breki na gia za baiskeli nyingine, wakateremka nazo milima ya vumbi. Mbio zao maarufu zilizoanza Oktoba 1976 ziliitwa Repack, kwa sababu breki ya ndani ya habu ilichemka hadi grisi ikaungua, na ukifika chini ulilazimika kuifungua habu na kuipaka grisi upya. Mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo. Muda mfupi baadaye Tom Ritchey naye akawa anachomelea fremu za namna hiyo. Ni Ritchey huyo huyo aliyekuja Rwanda, na mwaka 2006 kazi yake huko ikawa imeanza: baiskeli ndefu za kubebea kahawa kwa wakulima, na mashindano yaliyowakutanisha pia waendeshaji wa baiskeli za mbao. Timu iliyochipuka kutokana na juhudi hizo ikamlea Adrien Niyonshuti, aliyeshindana katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 na kumaliza wa 39. Kwa hiyo umbali kati ya baiskeli ya mzigo na baiskeli ya mbio si mkubwa kama tunavyodhani. Jirani zetu wameshaupita.

Tuanze na fremu. Kipande cha chuma chenye urefu wa sentimita moja kila upande kina gramu 7.8 hivi. Cha aluminiamu kina 2.7. Cha kaboni, nyuzi zikiwa zimeshagandishwa na gundi yake ya epoksi, kina kama 1.6. Lakini wepesi huo peke yake usingetosha. Nguvu ya kaboni iko kwenye mwelekeo wa nyuzi. Mtengenezaji hupanga tabaka juu ya tabaka, nyingine zikilala kwa urefu wa bomba, nyingine kwa mshazari, akiweka unene pale tu panapobeba nguvu. Ndiyo maana fremu nzima pamoja na shokapu yake ya nyuma inaweza kuwa na kilo 2 tu. Ndiyo maana pia haisamehe nguvu inayotoka upande ambao haikuandaliwa. Chuma cha Phoenix kikigongwa hupinda, na fundi hukinyoosha. Kaboni haipindi. Hubaki kama ilivyo, au hupasuka, na wakati mwingine ufa huanzia tabaka za ndani huku rangi ya nje ikionekana nzima. Baada ya kuanguka vibaya, gongagonga bomba kwa sarafu ukisikiliza: palipo pazima hulia kwa sauti kali, palipoachana tabaka sauti hufifia. Na tafadhali, usiifunge keria. Kibano cha keria hubana bomba kwa namna ambayo nyuzi hazikupangwa kuihimili.

Sehemu inayowaponza wengi wanaoagiza vipande ni kuoana kwa vipimo. Spea za Phoenix zimezoeleka kiasi kwamba ukitaka krenki unasema tu krenki. Kwa baiskeli hizi, kila kiungo kina lugha yake. Fremu nyingi za kisasa za milimani zinataka habu ya nyuma yenye upana wa milimita 148 na ekseli nene ya milimita 12, na uma wa mbele unataka habu ya milimita 110 na ekseli ya 15. Ukinunua magurudumu mazuri yaliyotumika yenye habu ya nyuma ya milimita 142, hayataingia sawasawa, na hakuna nyundo itakayokusaidia. Beringi za krenki nazo: fremu moja ina nyuzi za kuskrubu, nyingine beringi hushindiliwa kwa presi. Shingo ya uma huwa nene chini na nyembamba juu, kwa hiyo beringi zake mbili hazilingani. Shokapu ya nyuma hutajwa kwa namba mbili, kwa mfano 190 kwa 45: ya kwanza ni urefu wake kutoka tundu hadi tundu, ya pili ni mwendo wake wa kujikunja, zote kwa milimita. Kosea ya pili kwa milimita chache, na gurudumu la nyuma linaweza kufika kwenye bomba la kiti baiskeli ikidumbukia shimoni. Hata kaseti, yaani lile rundo la sproketi za nyuma, ina aina tatu za kukaa kwenye habu ambazo hazibadilishani: ile ya zamani ya Shimano, ile mpya ya Shimano, na ya SRAM.

Ushauri wangu ni wa kizamani. Chukua daftari, andika vipimo vyote vya fremu kabla hujalipa shilingi moja ya kitu kingine, na kila kipande kinachofuata ukilinganishe na ukurasa huo. Agizo lililokosewa likishavuka bahari, kulirudisha ni gharama nyingine.

Sasa gramu. Magurudumu ya kaboni yana kama kilo 1 na nusu. Uma wa mbele una karibu hivyo hivyo, matairi mawili kilo 1.4, breki za diski na diski zake gramu 800. Krenki ni gramu 600, na vilivyobaki ni vidogo vidogo. Jumlisha na fremu, unapata kilo 10 na nusu bila kununua kitu cha ajabu. Kutoka hapo kushuka, kila gramu inakuwa ghali. Mfano mzuri ni kaseti ya Shimano ya meno 10 hadi 51. Ya daraja la Deore ina gramu 593, ya XT 470, ya XTR 367. Kutoka XT kwenda XTR unaokoa gramu 103, uzito wa yai moja na nusu, kwa bei inayozidi maradufu. Mimi ningeishia XT na pesa iliyobaki ningeipeleka kwenye magurudumu. Uzito ulio ukingoni mwa ringi una gharama ya ziada kila unapoongeza mwendo, kwa sababu unausukuma mbele na papo hapo unauzungusha. Nguvu unayoitumia kuuchapusha ni karibu mara mbili ya ile ya uzito uleule ukiwa kwenye fremu.

Hata hivyo tusidanganyane kuhusu wepesi. Mwendeshaji wa kilo 65 akitoka kwenye baiskeli ya kilo 14 kwenda ya kilo 10, jumla yake inashuka kutoka 79 hadi 75. Ni kama asilimia 5. Kwenye vilima vya Geita, njia za kwenda machimboni kuelekea Nyarugusu, asilimia 5 inaonekana kwenye saa. Kwenye tambarare ya Shinyanga upepo unaamua zaidi ya mzani, na matairi pia. Na shokapu hapa kwetu ina kazi ya maana hata pasipo mlima: barabara ya vumbi iliyochanika matuta hurusha gurudumu hewani mfululizo, na gurudumu lililo hewani halisukumi wala halifungi breki. Shokapu hulirudisha ardhini.

Ardhi yetu ina mambo mengine mawili ambayo wanaoandika orodha za vipande huko Ulaya hawayawazii. La kwanza ni mbuga, udongo ule mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha hunata kwenye tairi, ukajaza nafasi kati ya tairi na fremu, gurudumu likagoma kabisa. Fremu nyepesi yenye nafasi finyu nyuma haitufai. Kabla ya kununua, angalia nafasi inayobaki kila upande wa tairi, na kama iko chini ya milimita 6, tafuta fremu nyingine.

La pili ni miiba. Tangu mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI uanze mwaka 1986 na watu wakarudia kuhifadhi ngitili, yaani malisho ya akiba yanayotengwa, migunga imerudi sehemu nyingi za Shinyanga, na ni jambo la kushukuru. Tairi lenye tyubu halipendi shukrani hiyo. Hapa ndipo matairi yasiyo na tyubu yanapopata sifa zake za kweli. Tyubu moja ya gurudumu la inchi 29 ina gramu 200 hivi. Ukiitoa, ringi ikafungwa utepe usiopitisha hewa na tairi likamiminiwa mililita 100 za ute wa mpira, umepunguza karibu gramu 100 kila gurudumu na umepata kinga ambayo kiraka hakitoi. Mwiba ukipenya, chomoa, zungusha gurudumu tundu likiwa chini: ute unatoka kidogo, unaganda, tundu limezibika, unaendelea na safari. Lakini ute hukauka baada ya miezi michache, na kwa joto na ukavu wetu hukauka mapema zaidi. Fungua ukague kila baada ya miezi miwili. Kwa njia za machimboni, ambako mawe meupe yenye ncha yaliyotolewa kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yametapakaa pembeni, nunua tairi lenye ukuta ulioimarishwa, hata kama lina gramu 100 za ziada. Tairi na breki ndizo sehemu ambazo sikubali zipunguzwe.

Wakati wa kufunga, mambo mawili humtofautisha fundi wa kaboni. Mojawapo ni urefu wa cheni. Kwenye Phoenix unapima cheni baiskeli ikiwa imesimama. Kwenye baiskeli yenye shokapu ya nyuma, gurudumu likipanda juu, ekseli yake husogea mbali na krenki. Toa hewa yote kwenye shokapu, ikandamize mpaka mwisho, pitisha cheni kwenye sproketi kubwa kuliko zote, ndipo ukate. Cheni iliyokatwa fupi itang'oa kibadilisha gia kwenye shimo la kwanza kubwa.

Jingine ni mkono. Skrubu nne zinazobana hendeli ya kaboni kwa kawaida zinataka nguvu ya nyutoni mita 5. Ukishika spana yenye mkono wa sentimita 20, hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 2 na nusu mwishoni mwake. Fundi aliyezoea nati za ekseli ya Phoenix hukaza mara sita ya hapo bila kujua, na kwa mkono huo hendeli ya kaboni imekwisha, ingawa itavunjika wiki tatu baadaye, mtu akiwa mteremkoni. Spana yenye kipimo huondoa ubishi. Kama nguzo ya kiti inateleza kwa nguvu iliyoandikwa, usiongeze nguvu. Paka mafuta mazito yenye chembechembe yaliyotengenezwa kwa ajili ya kaboni, itashika.

Shokapu ipigwe hewa kwa pampu yake maalumu, kulingana na uzito wa mwendeshaji mwenyewe. Akikaa juu akiwa na mavazi na maji yake, shokapu ya nyuma yenye mwendo wa milimita 45 izame kama 11, na uma wa mbele wa milimita 120 uzame kama 24. Kuna kipete cha mpira kwenye nguzo yake kinachokuonyesha. Baada ya hapo adui ni vumbi. Kampuni ya RockShox hupendekeza miguu ya chini ya uma ifunguliwe, isafishwe na kubadilishiwa mafuta kila baada ya saa 50 za kuendesha. Kwa vumbi la Juni hadi Septemba, mimi nisingengoja zifike. Sili zake huzikuti Kahama wala Mwanza, kwa hiyo ziagizwe pamoja na uma wenyewe.

Kwa klabu au kijana anayetaka kuanza, naomba mpangilio uwe huu: fedha ya kwanza inunue spana yenye kipimo, pampu ya shokapu, mzani wa kuning'iniza na kipimio cha milimita. Vyote pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya fremu. Mkabidhi fundi anayekusukia ringi sasa, avitumie miezi kadhaa kwenye baiskeli ya aluminiamu mpaka mkono uvizoee. Fremu ya kaboni iagizwe baada ya hapo.